Sifuri Hadi Mia kwa Salamu Maria

Alizaliwa wapi na nani alikuwa baba yake sijui, na miaka yote niliyomfahamu sikuona sababu ya kumuuliza. Nilipopata akili alikuwa tayari Katekista wa kigango chetu cha Kibaoni, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni katika joto la Ifakara ambalo hata mbwa hulala mdomo wazi. Na tayari alikuwa na jibu la swali ambalo hakuna Mkristo yeyote wa bonde la Kilombero aliyemuuliza: kati ya yale magari mawili ya wakubwa, la Mjerumani na la Mjapani, lipi linatoka spidi sifuri na kufika mia upesi zaidi.

"Mjapani anaondoka," alikuwa akisema, kidole kimoja juu. "Mjerumani anakimbia. Msichanganye kuondoka na kukimbia."

Alisema hivyo kwenye foleni ya mashine ya kukoboa mpunga. Alisema hivyo msibani, akisubiri jeneza litoke ndani. Alisema hivyo akitufundisha kipaimara, tulipofika kwenye somo la ukuu wa Mungu: akatuambia kwamba kila kiumbe kinaanzia sifuri, na Mungu peke yake ndiye aliyeko mia tangu mwanzo bila kukanyaga mafuta. Paroko alipopata habari za somo hilo alimwita ofisini. Hatukuambiwa walichozungumza, ila Jumapili iliyofuata Mungu hakuwa na spidi tena, na Katekista alikuwa na uso wa mtu aliyenyang'anywa kitu chake.

Elimu yake ya magari ilitoka kwenye simu. Binti yake, muuguzi huko Morogoro, alimletea simu ya kupapasa ili waonane sura, yeye akaifanya chuo kikuu. Aliangalia video za watu wanaoshindanisha hayo magari mawili kwenye viwanja vya ndege vilivyoachwa, watangazaji wakibwabwaja kwa lugha ambazo hakujua hata ni za taifa gani. Hilo halikumsumbua. Alifumba macho akasikiliza injini, kisha akatutafsiria. Mjapani, alisema, ana mota ya umeme pembeni ya injini, ukimgusa tu ameshakuitika. Mjerumani ana tabo ya kuisukumia injini hewa, na tabo ni sawa na mzee aliyeketi kwenye kigoda: kwanza anajikusanya, anatafuta fimbo, lakini akishasimama msimzuie mlangoni. Kwa hiyo mita za mwanzo ni za Mjapani. Baada ya hapo Mjerumani anakuja, anampita, hata salamu hampi.

Moyo wake ulikuwa kwa Mjerumani, na hakuficha. Alijua viti vya nyuma vinavyokukanda mgongo, alijua milango inayojivuta yenyewe ikajifunga kimya, alijua taa ngapi ziko ndani na rangi zake. Ukimwambia bora Mjapani kwa sababu vipuri vyake vinapatikana, alikutazama kwa huruma, kama amesikia kwamba umeacha kusali.

Sasa mtu huyu mwenye mapenzi hayo alikuwa na baiskeli. Baiskeli yenyewe haikuwa na breki. Aliisimamisha kwa kisigino, na kandambili yake ya kulia ililiwa nyuma mpaka unaona unyayo. Kwenye mteremko wa darajani alishuka akaikokota, jua linawaka, na wanawake wenye ndoo kichwani wakampita.

Hayo ya baiskeli unaweza kuyaita uangalifu. Lakini kuna siku nilimpa lifti, na tangu hapo nilijua siri yake. Wakati huo nilikuwa dereva wa Tajiri wa Mashine, habari zake zinakuja, na nilikuwa narudi peke yangu kutoka Idete na gari lenyewe, Mjerumani mweusi, halisi, la kwenye video. Nikamkuta Katekista njiani anaikokota baiskeli iliyotoboka. Nikasimama. Baiskeli nikaiegesha kwa watu, yeye nikamfungulia mlango wa mbele. Aliingia kwa heshima, akakigusa kiti kwa ncha za vidole. Nikasema ngoja nimfurahishe mzee wa watu. Kipande cha barabara kilikuwa kitupu, nikakanyaga.

Alipiga ukelele. Si ukelele wa furaha. Alikuwa amefumba macho, mkono mmoja umeshika rozari, mwingine umeshika goti langu. "Polepole! Polepole, mwanangu, nina wajukuu!" Nikarudi kwenye arobaini mpaka mjini. Aliposhuka alijipangusa jasho, akatazama huku na huku, akaniambia, "Umeona? Nilikuambia. Mjerumani anakimbia." Jioni ile nilimsikia kwenye foleni ya mashine akiwasimulia watu jinsi alivyokandamizwa kitini na nguvu ya injini, na jinsi alivyoniambia niongeze.

Nikacheka, nikanyamaza. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi naye. Alifundisha uvumilivu na hakuweza kuvumilia mtoto anayekohoa kanisani. Alikemea majivuno, na shati lake alilipiga pasi mara mbili. Alituambia uongo ni mlango wa dhambi zote, na mimi nilishakaa pembeni yake ndani ya gari nikasikia alivyolia.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyemcheka nalo, nalo ni saa yake. Hakuvaa saa. Alipima muda kwa Salamu Maria, na watu wa Kibaoni waliiamini hiyo kuliko saa ya ukutani ya kigango, ambayo ilikuwa inakwenda ikichoka inapumzika. Miaka na miaka ya kuongoza rozari ilimfanya aitamke kwa mwendo mmoja tu, masika na kiangazi, akiwa na njaa au ameshiba. Mayai ya sherehe ya somo wa kigango, mtakatifu wetu msimamizi, yalichemshwa kwa Salamu Maria zake arobaini na hayakuwahi kutoka mabichi. Kwenye zahanati, kipimajoto kikiwa kwapani, nesi alimwambia mgonjwa akae kumi za Katekista. Mechi ya vijana wa Kibaoni na wa Idete ilipogombaniwa dakika za nyongeza, refa alimfuata Katekista pembeni ya uwanja, akatoa ishirini, mpira ukaisha na hakuna aliyerusha jiwe. Kama ungesema wakati huo kwamba Salamu Maria ya Katekista inaweza kurefuka au kupungua, watu wangekuuliza unasali wapi.

Nami niliiamini. Niseme hivyo wazi, maana anayekuja kupima baadaye hujifanya aliona mapema.

Tajiri wa Mashine alikuwa na mashine tatu za kukoboa mpunga na tumbo lililomtangulia mlangoni. Yule Mjerumani wake alimnunua Dar es Salaam, akaja naye juu ya lori ili asichafuke, na plastiki za viti hakuzitoa, kwa hiyo aliyekaa nyuma akikandwa mgongo alikuwa pia akitokwa jasho, na plastiki ikilia tii-tii kila akijigeuza. Tumbo la gari lilisugua kila tuta kati ya sokoni na nyumbani kwake. Kwenye buti tulibeba sampuli za mchele. Mimi ndiye nilikuwa dereva, nina sare, nina kofia, na mama yangu alikuwa akisimama mlangoni kila asubuhi anione nikipita. Nililipenda lile gari kuliko nilivyopaswa kupenda kitu cha mtu.

Mjapani mweupe alikuwa wa Mama Pembejeo, mwenye duka la mbegu na dawa za mashamba, na aliliendesha mwenyewe, miwani juu ya kichwa. Hakumpenda Tajiri wala Tajiri hakumpenda. Walikutana kwenye arusi moja ya Malinyi, wakaanza kwa utani juu ya magari, na mpaka keki inakatwa utani ulikuwa umeisha. Watu wakasema, basi yashindanishwe. Sifuri hadi mia, Jumapili baada ya ibada, kwenye kipande cha lami kilichonyooka nje ya mji.

Tajiri aliniita ofisini. Hakuniambia niketi.

"Unalijua gari?"

"Nalijua, bosi."

"Tukishindwa, funguo uziweke hapa mezani. Gari la pesa ile haliwezi kushindwa na gari la mama muuza mbegu. Likishindwa, ni wewe."

Nikasema sawa. Nilikuwa na uhakika, maana nilikuwa nimemsikia Katekista maisha yangu yote.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo mgeni asingelifikiria. Ulikuwa msimu wa mavuno, na msimu wa mavuno nusu ya ile lami ni ya mpunga. Akina mama hutandika maturubai upande mzima wa barabara, mpunga unaanikwa, wanaugeuza kwa reki na kwa miguu, na dereva mwenye akili hupita upande uliobaki bila kupiga honi. Hakuna aliyethubutu kuwaambia wakunje. Kwa hiyo magari yasingeweza kwenda sambamba, lazima moja moja, na kila moja lipimwe muda wake. Hapo ugomvi ukaanza upya. Tajiri alikataa simu ya upande wa Mama Pembejeo, Mama Pembejeo alikataa simu yoyote iliyochajiwa nyumbani kwa Tajiri. Sijui nani alisema kwanza, lakini lilipotajwa jina la Katekista kila mtu alitulia. Hata Mama Pembejeo, akijua fika huyo mzee ni mshabiki wa Mjerumani, alisema, "Huyo nakubali. Yeye na sala yake hawadanganyi."

Utaratibu ulikuwa hivi. Gari linasimama kwenye karavati, kidaraja cha mfereji. Ndani anakaa shahidi kutoka upande wa pili, macho kwenye mshale wa spidi, mshale ukigusa mia anatoa leso nyeupe dirishani. Katekista anashusha mkono, gari linaondoka, anasali kwa sauti. Leso ikitoka, neno alilofikia ndilo muda. Atakayefika mia kwa maneno machache ndiye mshindi.

Mama Pembejeo alitangulia. Mkono ukashuka, Mjapani akaondoka kimya, amechomoka kweli, na Katekista akaanza kwa mwendo wake ule ule. Akafika mwisho wa nusu ya kwanza, ile ambayo ni ya kiongozi, akavuta pumzi. Alivuta pumzi kwa sababu hapo ndipo alipovuta pumzi maisha yake yote. Na akina mama wa mpunga, kama thelathini hivi, reki mkononi, walisikia ile pumzi na wakafanya walichofanya maisha yao yote. Waliitikia. "Mariaaa mtakatifuuu..." Hapo hapo leso ikapepea.

Watu wakashangilia. Tajiri akaja mbio, tumbo mbele, mikono hewani. "Hapana! Hapana! Anayehesabu ni Katekista! Hawa wanasali wao! Nyamazeni, msiitikie!"

Akina mama wakaambiwa wanyamaze, wakanyamaza. Katekista akatikisa kichwa kukubali. Tajiri akapendekeza Mama Pembejeo arudie, Mama Pembejeo akasema yeye hana mafuta ya kuchezea, neno limeshasikika. Ikawa zamu yangu.

Sitaeleza sana. Nililikanyaga lile gari vizuri kuliko nilivyowahi kulikanyaga. Lilijikusanya, likasimama, likaenda, mpunga ukawa mstari wa njano pembeni, na leso ikatoka. Nikageuza nikarudi nikitabasamu. Nilipofika karavatini hakuna aliyekuwa akitabasamu upande wetu.

"Mama wa Mungu," alitangaza Katekista. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Mjapani ameishia Maria mtakatifu. Mjerumani amefika Mama wa Mungu. Maneno matatu."

Nilishindwa kwa maneno matatu. Funguo niliziweka mezani jioni ile ile, na Tajiri hakutosheka na funguo, alitangaza mjini kwamba nimeuza mbio, kwamba niliachia mafuta makusudi, kwamba Mama Pembejeo alinipa kitu. Nilipewa mbegu za mahindi, wengine wakasema. Mimi sikuwa na shamba hata la kupanda mchicha. Vijana wa stendi wakanibatiza Maneno Matatu, na jina likakaa. Mama yangu akaacha kusimama mlangoni asubuhi. Uliniuma huo mlango uliofungwa kuliko kazi yenyewe.

Na Katekista? Katekista akapanda. Watu walisema, mnaona mtu wa kweli? Anampenda Mjerumani tangu siku nyingi, na bado amesema kweli dhidi ya moyo wake. Angekuwa wa kudanganya si angedanganya upande wake? Walianza kumwita kwenye mipaka ya mashamba. Walimwita aamue pale mbuzi wa mtu alipokula mpunga wa mtu. Alipewa kiti cha mbele kwenye arusi, na alikikalia akiwa na unyenyekevu mwingi kiasi kwamba ulionekana kutoka barabarani.

Mimi nilikuja kuelewa wiki kadhaa baadaye, kwenye rozari ya jumuiya, nyumbani kwetu. Katekista alikuwa akiongoza, mama yangu na wenzake wakiitikia. Nikasikia. Walikuwa wanaburuta. Yeye alitembea, wao walijikokota, kila neno wanalilaza chini kwanza ndipo waliache. Nikatoa simu, nikapima chini ya meza. Akina mama wakimaliza "Maria mtakatifu", mtu mwenye mwendo wa Katekista, tena bila kusubiri kuitikiwa, angekuwa ameshapita "Mama wa Mungu" na kuingia kwenye "sisi wakosefu". Mjapani alipimwa kwa akina mama thelathini wa mpunga. Mimi nilipimwa kwa Katekista peke yake, na kwa kipimo kimoja ningeshinda. Na aliyeamuru akina mama wanyamaze ni bosi wangu mwenyewe.

Nikamfuata baada ya sala, anafungua kufuli ya baiskeli. Nikamsalimu, nikamweleza, nikamwonyesha simu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaitazama simu mkononi mwangu.

"Umepima sala kwa simu," alisema.

"Katekista, wewe unajua wanaburuta. Kila Jumapili unawakemea."

"Umekaa kwenye rozari, nyumbani kwa mama yako, unapima sala kwa simu."

"Wanasema nimeuza. Sema neno moja tu Jumapili."

"Kaungame," alisema, akapanda baiskeli, akaondoka polepole huku kisigino kikiwa tayari.

Alijua. Nilimwona kwenye macho kwamba alijua, na pengine alijua tangu siku ile ile, kabla hata sijageuza gari. Lakini kusema kungekuwa kusema kwamba Salamu Maria yake si saa, na mayai je, na mipaka ya mashamba je, na kiti cha mbele je? Alinitupa mimi akabaki na saa. Nilimchukia. Niliendelea kwenda kanisani, lakini akianza sala yeye, mimi nilifunga mdomo. Alivuta pumzi yake, watu wakaitikia, mimi nikatazama dari. Nilifanya hivyo kwa miaka.

Siku hizi nina bajaji. Nyuma nimeandika MANENO MATATU kwa herufi nyekundu, maana nilichoka kusubiri waache, nikaona bora niwe mwenye jina kuliko mtu wa kurushiwa jina. Tajiri alimuuza Mjerumani baada ya mpira wa hewa unaomnyanyua kufa kwenye tuta la sokoni. Mama Pembejeo bado anaye Mjapani, amemchakaza, anambebesha miche.

Mwezi uliopita, asubuhi, mjukuu wa Katekista alinipigia nikampeleke babu yake hospitali. Nilikaribia kusema nina abiria. Nikaenda. Nilimkuta kwenye kigoda, shati jeupe, kifungo cha shingoni kimefungwa, miguu imevimba mpaka kandambili haziingii, pumzi fupi.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, mwanangu. Hii inafika mia?"

"Hamsini. Na ikifika inalia."

"Basi usiifikishe," alisema, na tulipompakia alishika bomba kwa mikono miwili, akafumba macho.

Tukapita sokoni, nikayavuka matuta kama nimebeba mayai. Katikati ya njia nikamsikia nyuma yangu, kwa sauti ndogo.

"Akina mama waliburuta."

Nilikaribia kugonga baiskeli. "Wapi?"

"Unajua wapi. Waliburuta. Mjerumani wako alikuwa mbele."

Miaka yote nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumjibu siku akisema hivyo. Nikauliza tu, "Jumapili utasema? Mbele ya watu?"

"Jumapili ina matangazo mengi, mwanangu," alisema.

Nilikasirika. Mzee anakufa na bado anahesabu kiti cha mbele. Nilimshusha hospitali, nikamkalisha kwenye benchi la nje pamoja na wagonjwa wengine, watu wa Malinyi na Idete waliokuja na vikapu na mablanketi. Nilikuwa nataka kuondoka. Pumzi ikamkatika. Akashika mkono wangu, akafumba macho, akaanza Salamu Maria, na haikuwa na mwendo wake tena. Ilisimama, ikaenda, ikasimama. Akafika mwisho wa nusu yake, akavuta pumzi, akasubiri.

Benchi zima likaitikia, kama inavyokuwa. Nami nikaitikia. Sikuamua, mdomo ulifunguka wenyewe. Tena niliburuta, niliburuta kuliko mama yeyote wa mpunga, nikalivuta kila neno kadiri nilivyoweza, kwa sababu sala ile inaishia kwenye saa ya kufa na sikutaka afike huko upesi. Nilimchukia na nilimpenda, na sikuwa nimejua la pili mpaka hapo.

Katekista akainua kidole. "Mnaburuta," alisema, kwa sauti ile ya Jumapili, benchi zima likasikia. "Hata siku ile waliburuta. Nilijua. Huyu alishinda. Hakuuza kitu. Nilijua nikanyamaza."

Watu wakanitazama. Mama mmoja wa Malinyi, mtoto mgongoni, akauliza, "Alimshinda nani, babu?"

"Mjapani."

Mama yule akatazama bajaji yangu pale getini, akanitazama mimi, akanisogelea sikioni. "Kaka, homa imempanda kichwani. Mwambie nesi wamtangulize."

"Mmesikia lakini?" niliwauliza. "Mmesikia alivyosema?"

"Tumesikia, kaka. Mungu atamsaidia."

Wakamtanguliza kweli. Alipokuwa akiingizwa kwa kiti cha magurudumu aligeuka akanitazama, uso umepoa, mtu aliyemaliza kazi yake. Nikatoka nje. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, mbele ya watu, mchana kweupe, na hakuna hata mmoja wao anayekaa Kibaoni.

Getini mwanamke wa kwetu alikuwa ananisubiri na gunia la pumba.

"Maneno Matatu! Nipeleke Kibaoni. Nimekuona umemleta Katekista, anaendeleaje?"

"Amesema kweli," nikamwambia.

"Huyo siku zote husema kweli," alinijibu, akasukuma gunia lake ndani. "Twende, jua linapanda."

Nikawasha.